Shemeji Amewekwa Mpira

Shemeji alikuwa hajakojoa tangu jana asubuhi, na aliyeligundua hilo ni Bimkubwa, kwa kuwa ndiye pekee nyumbani aliyekuwa na nafasi ya kufuatilia mambo ya namna hiyo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, macho yake kwenye beseni la mchanga. Ndani ya beseni alichuchumaa paka mkubwa wa rangi ya majivu, mkia umenyooka, anajikamua bila kutoa hata tone. Alitoka, akazunguka, akarudi, akachuchumaa tena. Mara ya nne alitoa sauti nyembamba ambayo Bimkubwa hakuwahi kuisikia kwake katika miaka saba.

"Mwanangu," akamwita mkwewe, mke wa mwanawe, "Shemeji ana shida ya haja ndogo."

Mkwewe alikuwa anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Alitoka na kiatu kimoja mguuni, akainama juu ya beseni. "Tangu lini?"

"Mchanga ni mkavu tangu jana. Nimeushika."

"Atakojoa akitaka," alisema mwanawe Bimkubwa kutoka ndani, kinywa kimejaa dawa ya meno. "Mimi mwenyewe zipo siku namna hiyo."

"Wewe hukai kwenye beseni ukalia," mama yake akamjibu.

Huyu mwana ndiye aliyempa paka jina. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba na wenzake walimwita Brashi. Miaka saba nyuma mkewe alirudi kutoka kazini na kitu kinachojinyonganyonga ndani ya mfuko wa vitambaa, na Brashi alipouliza huyo nani, mke akajibu kwamba ni ndugu yake. "Kama ni ndugu yako, basi kwangu ni shemeji," Brashi akasema, "na mashemeji wa aina hii nawajua. Hawali kiporo, hawalali chini, na siku ya kuondoka hawana." Jina likaganda. Bimkubwa alijaribu kulinyoosha, akaeleza mara nyingi kwamba kwa mke yule paka ni kaka, si shemeji, na kwake yeye ni mtoto wa wakwe. Hakuna aliyemsikiliza, na mwisho naye akawa anaita Shemeji kama wengine.

Mke hakuweza kuchelewa, maana geti la kazini kwao lilifungwa saa moja na nusu na aliyebaki nje alikosa malipo ya siku yake. Brashi siku hiyo alikuwa anasubiri simu ya mteja ambayo ilikuwa haijapigwa kwa siku tatu. Kwa hiyo ikawa zamu yake. Alichukua ndoo tupu ya rangi, akatoboa mfuniko kwa bisibisi, akatandika fulana yake kuukuu ndani. Shemeji, ambaye siku nyingine angempasua mikono kwa dharau hiyo, aliingizwa bila ubishi, na hilo lilimtisha Brashi kuliko kile kilio.

"Usiitikise," Bimkubwa alisema.

"Mama, nimebeba ndoo miaka ishirini."

"Zilikuwa na rangi."

*

Kliniki ya wanyama ilikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Msichana wa mapokezi hakuinua macho kwenye karatasi.

"Jina la mgonjwa?"

"Shemeji."

"Sijauliza mnahusianaje. Jina lake."

"Ndilo jina lake."

Msichana akainua macho sasa. Akatazama ndoo, akatazama viatu vya Brashi vyenye matone ya rangi za nyumba za watu, akaandika. Kwenye kiti cha jirani alikaa mama mmoja aliyepakata mbwa mdogo aliyevishwa sweta. Brashi alipokaa, yule mama aliusogeza mkoba wake kutoka upande wa Brashi akauweka upande wa pili. Hakufanya hivyo kwa ubaya, ila alifanya, na Brashi aliona. Alijiliwaza kwa kuukagua ukuta. Ulipakwa na mtu mvivu, mkono mmoja tu bila kurudia, na kwenye kona rangi ilikuwa imechuruzika na kukauka hivyo hivyo. Huyu alilipwa, alijiambia, na mimi sijapigiwa simu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya haraka. Alimbonyeza Shemeji chini ya tumbo, kisha akamshika Brashi kidole na kukiweka pale pale. Kulikuwa na kitu kigumu, saizi ya chungwa bichi.

"Hicho ni kibofu. Njia ya mkojo imeziba, madume hupata sana. Ni chengachenga, kama mchanga. Inabidi alazwe usingizi, njia izibuliwe, awekwe mpira wa mkojo, akae hapa siku mbili au tatu na dripu."

"Na asipowekwa?"

"Sumu inarudi kwenye damu. Hafiki kesho kutwa."

Hakuitaja bei kwa mdomo. Aliiandika nyuma ya kadi na kuigeuzia kwake, na Brashi alishukuru kwa adabu hiyo. Aliisoma mara mbili. Ilikuwa ni kupaka rangi vyumba vitano, mikono miwili, na dari zake. Halafu akakumbuka kitu kingine chenye bei inayokaribiana kabisa na ile, akaigeuza kadi upande wa pili.

"Na kama mtu hana?"

"Kuna sindano ya kumpumzisha. Haumii, analala tu. Hiyo ni rahisi."

"Rahisi kwa nani?"

"Kwa bei," daktari akasema, na ilionekana amejutia lile neno. Alichukua sindano nyembamba, akaipitisha tumboni, akavuta mkojo mwekundu kiasi cha kikombe. "Hii nimempunguzia tu. Inawapa nafasi mpaka kesho asubuhi. Nyumbani zungumzeni."

Sindano ile ya kupunguza peke yake ilikula nauli ya kurudia. Brashi alitembea kwa miguu, ndoo mkononi, na kila baada ya nguzo kadhaa za umeme aliiweka chini, akafungua mfuniko kidogo na kusema, "Bado upo?" Kisha akampigia mkewe simu.

*

Karakana ile ilishona sare za shule. Mke wa Brashi alikaa safu ya mwisho, kwenye mashine ya kuzungushia matundu ya vifungo, na kwa sababu ya kelele za mashine arobaini hakuna aliyeweza kuzungumza na simu kwa siri. Ulipiga kelele au ulikata.

"Haendi kabisa?" alipiga kelele. "Hata tone? ... Awekwe mpira? ... Siku tatu? ... Kiasi gani?" Akaziba sikio la pili kwa mkono. "Pesa hiyo Shemeji tutamtolea wapi? ... Usikubali sindano. Nakwambia usikubali mpaka nije. Mpeni maji."

Alipokata simu, mashine tatu za karibu yake zilikuwa zimezima. Kwenye meza ya pasi, mwanamke mrefu aliyeitwa Mama Pasi alikuwa amesimamisha pasi kwenye kisigino chake na kumtazama.

"Shemeji yako?" aliuliza.

"Shemeji."

"Mkojo umefunga?"

Mke wa Brashi alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa anamwona Shemeji anavyolala kila jioni juu ya miguu yake, mzito na mwenye joto, wakati anajaribu kuhesabu kama siku yake ilikuwa na maana yoyote. Akainama juu ya mashine, akalia machozi mawili matatu ya haraka juu ya mashati ya watoto, akaendelea na kazi.

Hakuwadanganya. Hilo ni lazima lisemwe kwa haki yake. Mchana kutwa alidhani wanajua. Mkata vitambaa, waliyemwita Mkasi, alipopita na kumnong'oneza kwamba mbegu za maboga husaidia sana kwa matatizo hayo, aliitikia tu, akashangaa kidogo kwamba Mkasi anafuga paka.

Alielewa saa kumi na moja, getini. Msimamizi alikuwa anamsubiri na bahasha ya kaki mkononi, na nyuma yake walisimama karibu wote.

"Tumejichanga kidogo kwa ajili ya mgonjwa," Msimamizi alisema kwa sauti ya hadhara. "Mkurugenzi naye ametia mkono. Mwambie shemeji asione aibu. Tezi dume si ugonjwa wa fedheha, wanaume wengi wanapata. Bahati yake amewahi."

Mke wa Brashi akaangalia bahasha. Akaangalia nyuso. Mama Pasi alikuwa mwisho kabisa, karibu na ukuta, macho mekundu. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa fupi lakini ilikuwepo, ya kutosha neno moja lenye herufi nne. Mke wa Brashi alifungua mdomo ili alitamke, na kilichotoka ni, "Asanteni."

*

Bahasha ilikaa katikati ya meza, kando ya kopo la maziwa ya unga. Kopo lilikuwa na meno ya Bimkubwa, au tuseme pesa zake. Bimkubwa alikuwa amebakiwa na meno manne, mawili juu na mawili chini, na kwa bahati mbaya hayakuwa yanakutana. Tangu mengine yalipokwenda alizoea kucheka kwa kuziba mdomo na kiganja, na wageni walipokuja alijifanya anaumwa kichwa akabaki chumbani, mpaka wageni wakaacha kuja. Mwaka mmoja na nusu Brashi alikuwa anatia kwenye kopo. Fundi wa meno alikwisha kuchukua umbo la ufizi kwa donge laini linalokaukia mdomoni. Jumamosi walipe, wiki mbili baadaye mama atabasamu.

Leo ilikuwa Alhamisi. Shemeji alilala ndani ya beseni, hakujikamua tena.

Brashi aliposikia habari ya bahasha alicheka mpaka akashika meza. "Kwa hiyo nina ndugu mwenye tezi dume. Mama, mbona hukuniambia kama tuko wawili?" Halafu akaifungua, na kicheko kikaisha. Hazikuwa noti za watu wenye nazo. Nyingi zilikuwa zimekunjwa mara nyingi, ndogo kabisa, namna mtu anavyokunja pesa aliyoificha asiione mwenyewe.

"Zinatosha," akasema polepole. "Tukiongeza kidogo tu za kwenye kopo, zinatosha. Shemeji anatibiwa na meno yanasogea mwezi mmoja. Hatukuomba. Hatukusema uongo."

"Nilisema asanteni," mkewe alijibu. "Huo ndio uongo wangu."

"Neno moja."

"Kesho watauliza anaendeleaje," Bimkubwa akaingilia. Alikuwa ameketi chini, mkono wake ndani ya beseni, kwenye mgongo wa paka. "Kesho kutwa watasema wanakuja kumwona. Mtamlaza nani kitandani?"

"Nitalala mimi," Brashi akasema, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Hizo zirudi," Bimkubwa alisema. "Ni za mtu ambaye hayupo. Tumieni za kopo."

"Za kopo ni za meno, mama."

"Pesa haina meno."

Brashi akasimama. Chumba kilikuwa kidogo, akisimama alikijaza. "Mama, siwezi kukung'oa meno mdomoni nikampa paka."

"Hayajaingia mdomoni."

"Watu watasemaje? Mtu mzima, mama yake hana meno, yeye anatibu paka. Nikipita watanyoosheana vidole. Na watakuwa na haki."

"Watu gani?"

"Watu."

"Hebu nitajie," mama yake akasema bila kupaza sauti. "Mnatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mnarudi jua limezama, mmechoka, mnakula, mnalala. Sisemi kwa ubaya, ndivyo kazi ilivyo. Lakini kutwa nzima humu ndani nipo na nani? Meno ni ya kuongea na watu, mwanangu. Watu wenyewe hampo. Aliyepo ni huyu. Naongea naye bila meno na ananielewa. Akiondoka huyu, nikae humu na meno yangu mapya nimchekee nani?"

Brashi aliumia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mwaka mmoja na nusu alikuwa amejiona mtoto mwema kila alipofungua lile kopo, na sasa aliona kwamba alikuwa anamnunulia mama yake kitu ambacho hakuuliza kama ndicho kinachompungukia. Alitazama ukuta. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anazikunja upya zile noti, moja moja, kwa mikunjo ile ile zilizokuja nayo.

Hakusema ndiyo. Alimtoa Shemeji kwenye beseni kwa uangalifu, akamhamishia kwenye mapaja ya mama yake, akalichukua beseni, akatoka nje kwenda kubadilisha mchanga ambao haukuwa umelowa.

*

Asubuhi walitoka pamoja, Brashi na ndoo na kopo, mkewe na bahasha. Kwenye njia panda waliagana. "Ukishasema, usikimbie," Brashi alimwambia. "Simama hapo hapo. Ukikimbia wanakukumbuka mgongo."

Alisema kabla mashine hazijawashwa, amesimama karibu na meza ya kukatia, bahasha imeshikwa kwa mikono miwili. Alikuwa ameandaa maneno mengi njia nzima. Yote yalimpotea.

"Shemeji ni paka," alisema. "Ni jina lake. Ni paka wetu. Jana nilitakiwa kusema pale getini, sikusema. Pesa zenu zote zimo humu, sijatoa hata moja. Naomba mnisamehe."

Mahali fulani mtu alipenga kamasi.

"Paka," Msimamizi alisema.

"Paka."

"Mimi nimekwenda ofisini kwa mkurugenzi. Nimemweleza tezi dume kwa kirefu. Amenisimulia habari za baba yake. Sasa narudi nimwambie nini?"

"Mwambie ni kosa langu."

"Hilo litajulikana lenyewe," Msimamizi alisema, akaichukua bahasha, akaanza kuwaita mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa kofia mbele za watu.

"Kwa hiyo zile mbegu za maboga," Mkasi aliuliza kutoka nyuma, "ulimpa?"

Hapo kicheko kilipasuka, na kikawa msaada kwa namna yake. Walikuja kuchukua chao. Mmoja alichukua akifyonya. Mmoja alichukua akasema hata ndugu yake wa kuzaliwa hajawahi kulipiwa namna hiyo. Mwingine alichukua, akarudi hatua mbili, akauliza kama kweli paka huwekwa mpira, na mpira wenyewe una ukubwa gani. Mwezi ule wote mke wa Brashi aliitwa Mama Paka. Aliitika kila mara, maana aliona ni adhabu nyepesi.

Mama Pasi hakuja kuchukua. Msimamizi aliacha noti zake mwisho wa meza, na mke wa Brashi akazipeleka mwenyewe. Zilikuwa nyingi kuliko za wengine.

Mama Pasi aliendelea kupiga pasi kola ya shati. Aliimaliza, akageuza, akaanza upande wa pili.

"Kaka yangu alikufa na ugonjwa huo," alisema bila kuinua macho. "Mkojo ulifunga. Aliona aibu kutuambia mpaka tumbo likajaa. Jana ulipopiga kelele kwenye simu nikasema, huyu angalau anao watu wanaosema kwa sauti. Nilifurahi. Usiku nilimwombea. Nilimtaja kwa jina, Mungu mponye Shemeji."

Mke wa Brashi hakujua aweke wapi mikono yake.

"Nisamehe, dada."

"Sijakusamehe bado." Mama Pasi alizichukua noti, akazisukuma ndani ya kifua cha gauni. "Hizi ni za kodi. Nilikuwa sijui ningeilipa vipi." Akapiga pasi shati la pili, na la tatu, na mke wa Brashi akawa ameanza kuondoka taratibu pale aliposikia nyuma yake: "Amekojoa?"

"Mume wangu amempeleka sasa hivi. Atanipigia."

Simu iliita saa saba kasoro. Safari hii mashine zilizimwa zenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka ile ya mwisho kabisa dirishani. Mke wa Brashi alisikiliza. Akaweka simu juu ya rundo la mashati.

"Amewekwa mpira," alisema. "Mkojo unatoka."

Hakuna aliyepiga makofi, maana ilikuwa habari ya paka. Lakini Mkasi alisema "haya basi" kama mtu aliyemaliza mzigo, na mashine zikawaka.

*

Shemeji alirudi Jumapili mchana ndani ya ndoo, amekonda, mguu mmoja umenyolewa manyoya pale dripu ilipoingia. Mpira ulikuwa umetolewa asubuhi na kule kliniki alikuwa ametoa kidogo mwenyewe. Daktari alimwambia Brashi waziwazi: ndani ya siku ile ni lazima akojoe vizuri. Jua likizama mchanga ukiwa mkavu, arudishwe haraka. Brashi aliitikia. Kopo lilikuwa tupu na limeoshwa, na kila mtu nyumbani alijua kwamba safari ya kurudi haikuwepo.

Akiwa njiani Brashi alikuwa amepita kwa fundi wa meno. Fundi alimwambia ufizi wa mama yake atautunza mpaka mwisho wa mwaka. Ulikuwa rafuni, katikati ya fizi za watu wengine, una kikaratasi cha jina. Brashi aliutazama kidogo, akasema "nitarudi," akaondoka haraka kabla sauti haijamgeuka.

Saa tisa mlango uligongwa. Alikuwa Mama Pasi, amevaa nguo ya kutokea, ameshika kifurushi.

"Nimekuja kumwona mgonjwa," alisema.

Bimkubwa alisikia sauti ngeni, akajikusanya kuinuka ili aende chumbani na kichwa chake kinachouma. Lakini Shemeji alikuwa mapajani mwake, amelala kwa mara ya kwanza tangu arudi, na asingeweza kuinuka bila kumwamsha. Akabaki. Aliweka kiganja mdomoni, akamkaribisha mgeni kwa macho.

Mama Pasi alikaa chini, karibu naye, kama mtu anayekaa pembeni ya kitanda cha hospitali. Alimtazama paka kwa muda mrefu na kwa heshima zote. "Pole, Shemeji," alisema. "Ulituhangaisha." Kisha akafungua kifurushi. Kilikuwa na mchanga safi, uliochekechwa, umekaushwa juani. "Nimeambiwa wanapenda laini."

Mke wa Brashi alikwenda jikoni akasimama huko kidogo bila kazi yoyote. Aliporudi, Mama Pasi alikuwa anasimulia habari za kaka yake, jinsi alivyokuwa mzuri, jinsi alivyokuwa anajua kuigiza sauti za majirani mpaka majirani wenyewe wakaitika. Bimkubwa alisikiliza kwa mwili wote. Mara akauliza swali, kiganja bado mdomoni, na neno halikusikika vizuri. Mama Pasi akasogea. "Nini, mama?" Akauliza tena, na tena halikusikika, na mara ya tatu, kwa kuwa alitaka sana kujua, aliutoa mkono.

Waliongea saa nzima. Brashi alikaa mlangoni akilisugua lile beseni ambalo lilikuwa limekwisha takata, akalijaza mchanga mpya, akaliweka mahali pake. Kivuli cha nyumba ya jirani kilikuwa kimefika dirishani. Hakuna aliyetaja saa, lakini kila mmoja alikuwa anaitazama.

Ndipo Shemeji alipoamka. Alijinyoosha, akashuka mapajani, akatembea na ule mguu wake ulionyolewa mpaka kwenye beseni. Akanusa mchanga wa mgeni. Akachimba kidogo, akabadilisha mawazo, akachimba upande mwingine. Akachuchumaa.

Mazungumzo yalikatika. Brashi alishika fremu ya mlango. Mkewe alifumba macho. Mama Pasi, bila kujua anafanya nini, aliushika mkono wa Bimkubwa.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu wakasikia, kwanza kidogo, kisha mfululizo, mchanga unalowa. Ulilowa na ukaendelea kulowa, muda mrefu mno kwa mnyama wa ukubwa ule, na Shemeji aliwatazama wote wanne kwa uso wa mtu aliyeingiliwa chooni.

"Huyo," Brashi alisema, na sauti ikamgeuka. "Tazama anavyomwaga meno ya mama yangu."

Bimkubwa alicheka. Alicheka kwa meno manne, mdomo wazi, mpaka machozi yakamtoka, na mkono wake ulibaki pale pale ulipokuwa, ndani ya mkono wa Mama Pasi.